Swali Ambalo Mama Haulizwi Kliniki

Siku ya kliniki, akina mama wa Mutuka hufanya wanachofanya wenzao nchi nzima. Mtoto anaogeshwa, anafungwa mgongoni kwa kanga, kadi inatolewa ilikohifadhiwa isiliwe na panya wala kulowa, na safari ya zahanati inaanza. Huko mtoto atatundikwa kwenye mzani, uzito utaandikwa, nukta itachorwa kwenye mstari wa ukuaji, chanjo itachomwa pajani. Mjamzito naye atapimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, kaswende, virusi vya Ukimwi na kimo cha tumbo. Ni kazi kubwa, na imeokoa maisha ya watoto wengi. Lakini lipo swali moja ambalo mama anaweza kwenda na kurudi kliniki miaka mitano bila kulisikia: "Mama, wewe mwenyewe moyoni unaendeleaje?"

Kunyamaza huko kuna gharama, na wanaoilipa ni wawili.

Mutuka ni moja ya kata nane za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliozaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha. Kwa jina ni sehemu ya mji. Kwa maisha ya kila siku ni mashamba ya mahindi, mbaazi, maharage na alizeti, na mifugo michache nyuma ya nyumba. Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wanyaturu na wengine wanaishi Babati kwa kuchanganyika, na wengi wao wako mbali na mama zao, shangazi zao na bibi zao. Mama anayenyonyesha bado anapalilia, anateka maji, anatafuta kuni. Mume huenda yupo. Huenda yuko Mererani kwenye machimbo ya tanzanite, akituma fedha anapopata na kunyamaza anapokosa. Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei ilianguka ghafla na wakulima wa ukanda huu wakabaki na magunia waliyoyategemea kwa ada na matibabu. Habari za soko zilisemwa sana wakati ule. Usiku wa mwanamke mwenye kichanga cha miezi mitatu, ndani ya nyumba yenye magunia hayo, ulizungumzwa kidogo mno.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani kote wajawazito 10 katika kila 100, na wanawake 13 katika kila 100 waliotoka kujifungua, hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa zaidi ni sonona. Katika nchi zinazoendelea hesabu hupanda hadi karibu 16 kwa wajawazito na karibu 20 kwa waliojifungua. Tafiti za Tanzania zinaelekea hukohuko. Mwanza, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa mmoja katika kila wajawazito watatu waliohojiwa kliniki alikuwa na dalili za sonona. Moshi, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka Babati, watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 1,000 tangu wakiwa wajawazito, na takriban 12 katika kila 100 walionyesha dalili hizo baada ya kujifungua. Namba hutofautiana kwa sababu vipimo vinatofautiana na mazingira hayafanani. Hata ukiichukua ile ndogo kabisa, katika benchi la kliniki lenye akina mama kumi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja anabeba mzigo huo akiwa kimya.

Inafaa kutenganisha mambo ambayo mtaani huwekwa kapu moja. Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila sababu wanayoweza kuieleza. Homoni zilizopanda kwa miezi tisa zimeshuka kwa mkupuo, usingizi umekatika, mshono unauma. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili, na tiba yake ni kulala, kula vizuri na kusaidiwa kazi.

Sonona haiondoki hivyo. Hukaa wiki, hukaa miezi, na wakati mwingine ilianza mimba ikiwa changa. Hamu ya chakula hupotea, usingizi hauji hata mtoto akilala, vitu vilivyokuwa vinafurahisha havifurahishi tena, na mama anaanza kuamini kwamba mtoto angekuwa salama zaidi mikononi mwa mtu mwingine. Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba mama huyu mara chache atasema ana huzuni. Atasema kichwa kinauma, mgongo unawaka, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, ana mawazo mengi. Zahanati itampima malaria na kumpa panadoli. Pengine kweli ana malaria. Pengine ana upungufu wa damu, ambao nao huchosha na kumfanya mtu aonekane kama mwenye sonona, kwa hiyo kupima ni sahihi kabisa. Kosa ni kuishia hapo.

Kisha kuna hali ya tatu, ambayo ni adimu na ya hatari: kurukwa na akili baada ya uzazi. Humpata mwanamke mmoja au wawili katika kila 1,000, kwa kawaida ndani ya wiki chache za mwanzo. Mama hukaa siku kadhaa bila kulala, anasikia sauti, anaweza kuamini kwamba mtoto si wake au amerogwa. Huyu ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, wala si wa kusubiri mganga wa kienyeji wala maombi ya Jumapili. Sheria ya Tanzania inaifahamu hali hii kuliko majirani wanavyoifahamu. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua kwamba mama anaweza kusababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imevurugika kwa kutopona athari za kujifungua au za kunyonyesha, na kinaelekeza aadhibiwe kama aliyeua bila kukusudia. Habari kama hizo zinapotokea, watu husoma kichwa cha habari na kumlaani mwanamke. Ni wachache wanaouliza nani alimwona wiki iliyotangulia.

Mtoto naye hupokeaje haya yote? Kitoto kichanga hakijui bei ya mbaazi wala ugomvi wa usiku. Kinajua uso. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick na wenzake walieleza jaribio ambalo hadi leo linaumiza kulitazama. Mama anacheza na mtoto wake, wanachekeana. Kisha mama anaambiwa aukaushe uso, amtazame mtoto bila tabasamu, bila neno. Ndani ya muda mfupi mtoto anajaribu kila mbinu aliyonayo kumrudisha mama yake: anatabasamu, anapiga kelele, ananyoosha mikono. Akishindwa, anageuza uso na kunywea. Jaribio lile lilidumu dakika chache tu na mama akarudi. Sonona inaweza kuukausha uso huo kwa miezi.

Elimu hii ina mizizi Afrika Mashariki, jambo ambalo wengi hawalijui. Mary Ainsworth, mmoja wa waasisi wa nadharia ya mshikamano wa mama na mtoto, kabla hajajulikana Marekani aliishi Kampala katikati ya miaka ya 1950. Alitembelea nyumba za Waganda vijijini, akaketi na akina mama, akawatazama watoto 28 wakinyonya, wakilia, wakitambaa. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mama aliyeweza kueleza kwa undani na kwa uchangamfu mtoto wake anapenda nini na analiaje alikuwa na mtoto aliyejiamini, aliyethubutu kwenda mbali kidogo kuchezea kitu kwa sababu alijua mama yupo. Mama aliyesongwa na mashaka yake mwenyewe hakuwa na nafasi akilini ya kuyaona hayo. Hakuwa na upungufu wa upendo.

Athari huanza hata kabla ya kuzaliwa. Msongo mkali na wa muda mrefu wakati wa mimba umehusishwa na kujifungua kabla ya wakati na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Baada ya hapo mambo hujipanga moja juu ya jingine. Mama asiye na nguvu ya kuamka hukosa siku ya chanjo, hunyonyesha kwa shida, huacha maziwa mapema, hampikii uji mtoto mara nyingi inavyotakiwa. Watafiti wa Moshi waliporudi kuwapima watoto wa akina mama wale walipofika miaka miwili hadi mitatu, waliwakuta watoto wa wenye dalili za sonona wakiwa wafupi zaidi kwa umri wao. Nchini Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, habari hiyo ingepaswa kuwafikia wanaofundisha lishe kijijini. Mafunzo ya makundi ya vyakula hayamfikii mtu asiye na nguvu ya kuwasha moto.

Ndani ya mkoa huu wenyewe, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom wilayani Mbulu ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2009, wa kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini wanaugua na kudumaa. Pamoja na kupima kinyesi, damu na urefu, watafiti waliwauliza akina mama maswali 20 kuhusu hali yao ya nafsi. Wanasayansi walikubali kwamba huwezi kumwelewa mtoto wa Manyara bila kuuliza mama yake analalaje.

Mtoto akikua, alama hubadilika sura. Wengine huchelewa kusema. Wengine huwa na hofu isiyoisha, au hasira inayomfanya mwalimu ashike fimbo. Msichana wa miaka tisa au kumi mara nyingi hugeuka mlezi: ndiye anayempikia mdogo wake, ndiye anayeangalia kama mama ameamka, ndiye anayejifunza kutolia. Jamii humsifu kwa kuwa mkubwa kabla ya wakati. Sifa hiyo inamnyima utoto wake, na walimu wanaomwona akisinzia darasani wangefanya vyema kuuliza nyumbani kuna nini.

Hapa panahitaji uangalifu, maana ni rahisi mno kusoma haya yote na kumnyooshea mama kidole. Sonona ya mama haimhukumu mtoto. Hatari kubwa iko pale inapokuwa kali, inapodumu, na inapokutana na umaskini na upweke. Mtoto mwenye bibi, baba, shangazi au jirani anayemchekea na kumjibu hupata ngao, na mama akitibiwa, mtoto hunufaika. Tena njia ni ya pande mbili: mtoto anayeugua kila wiki, au aliyezaliwa na ulemavu, humchosha na kumvunja moyo mama aliyekuwa mzima.

Na mama anaumizwa na nini? Jibu la kwanza linasikitisha kwa uwazi wake. Katika utafiti wa wajawazito 1,180 Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 27 walisema wamepigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na wenzi wao katika mimba ileile, na hao ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za wasiwasi na sonona. Moshi, waliopitia ukatili wa mwenzi wakati wa ujauzito walikuwa katika hatari ya karibu mara tatu zaidi ya kupata sonona baada ya kujifungua. Mwanaume anayempiga mke mjamzito anampiga na mtoto, na kipigo hicho kinafika akilini mwa mtoto huyo kabla hajapewa jina. Manyara ina jeraha jingine la kwake: pamoja na Arusha, ndiyo mikoa iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi cha ukeketaji nchini katika utafiti wa 2022, asilimia 43 ya wanawake. Wapo wanaoyakumbuka maumivu yale upya siku ya kujifungua.

Vifo navyo. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalifunika sehemu za Katesh, yakaua zaidi ya watu 80. Walikuwepo akina mama waliookolewa bila watoto wao. Hata pasipo janga kubwa la namna hiyo, mimba huharibika na vichanga hufa kimyakimya kila wiki katika vijiji vya mkoa. Katika mila ya zamani ya Wairaqw, mwanamke aliyeharibikiwa na mimba au kufiwa na mtoto mchanga alihesabiwa kuwa na najisi iitwayo meta, akatengwa na watu kwa muda mrefu. Mila hiyo imepungua, lakini tabia ya kumwacha mfiwa wa aina hii peke yake imebaki katika makabila mengi. Anaambiwa atapata mwingine, na mazungumzo yanafungwa. Mtoto aliyedhoofu naye huwa ushahidi dhidi ya mama yake: watasema amembemenda, kwamba alikutana na mwanaume kabla ya wakati au nje ya ndoa. Mwanamke anayesemwa hivyo huficha mtoto, huacha kwenda kliniki, na mtoto aliyehitaji matibabu ya utapiamlo huchelewa kuyapata.

Wakati huohuo, desturi zilizokuwa zikimlinda mzazi zinayeyuka. Pwani alikandwa kwa maji ya moto na kupumzishwa hadi arobaini. Uchagani alipikiwa mtori na kukaa ndani hadi miezi mitatu akihudumiwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, lakini mkulima wa Mutuka hana mwajiri wa kumpa barua. Akihamia mjini na mume, mkwe yuko Kondoa na mama mzazi yuko Singida, arobaini yake huisha ndani ya wiki.

Habari njema, na ni njema kweli, ni kwamba sonona ya uzazi inatibika bila majengo makubwa. Nchini Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, kukaa na wajawazito wenye sonona na kuzungumza nao kwa mpangilio maalumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 kuhusu wanawake 903 yalikuwa ya kushangaza: miezi sita baada ya kujifungua, waliozungumzishwa hivyo waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati wenzao waliotembelewa kwa kawaida walikuwa asilimia 53. Lira, kaskazini mwa Uganda, vikundi vya wazazi vilikutana mara 12 chini ya wanakijiji wenzao waliofundishwa, wakijifunza kucheza na watoto na pia kuzijali nafsi zao na uhusiano wao wa ndoa. Dalili za sonona zilipungua kwa mama, na watoto walifanya vizuri zaidi katika ufahamu na lugha. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kuketi na wenye mawazo kwenye benchi nje ya zahanati, na mfano huo umefika hadi Zanzibar.

Tanzania inavyo viungo vyote. Profesa Sylvia Kaaya wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ametafiti sonona ya wajawazito kwa zaidi ya miaka 20, na vipimo vya Kiswahili vipo. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inasisitiza malezi yenye mwitikio, yaani mzazi amwone mtoto na kumjibu. Ni sharti zuri. Lakini anatakiwa kuwa mwitikiaji mama ambaye yeye mwenyewe hakuna anayemwitikia, na hapo ndipo mipango inapopwaya.

Kuanza hakuhitaji bajeti mpya. Muuguzi anaweza kuuliza maswali mawili yanayotumika duniani kote, wakati mtoto anashushwa kwenye mzani: katika wiki mbili zilizopita, mama, umekuwa ukijisikia mnyonge au kukata tamaa? Umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo yako? Akijibu ndiyo, la tatu lisiachwe: umewahi kufikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Humpa ruhusa ya kulitua. Maswali hayo yaulizwe faragha, mume na mama mkwe wakiwa mbali, na majibu yasigeuke habari za kisimani. Akihitaji dawa, zipo ambazo hupita kidogo sana kwenye maziwa. Uamuzi ni wa daktari, na mama asiache kunyonyesha wala dawa kwa kushauriwa na jirani.

Kwa mkazi wa Mutuka, mlango wa kwanza ni zahanati. Baada ya hapo, Hospitali ya Mji ya Mrara na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara zote ziko Babati, na halmashauri ina maofisa ustawi wa jamii wanaoshughulikia ukatili wa nyumbani. Namba 116 hupigwa bure nchi nzima kwa masuala ya ulinzi wa mtoto. Akina baba nao wana kazi ambayo hospitali haiwezi kuwafanyia: kuacha kipigo, kuteka maji, kutuma ujumbe kutoka machimboni hata siku ambayo hakuna fedha ya kutuma. Na kama nyumbani kwako au kwa jirani yako kuna mwanamke aliyejifungua mwaka huu, muulize leo anaendeleaje, umsikilize hadi amalize, kisha umpokee mtoto ili mama apate kulala.